Mfuniko Ule Aliurusha Baba

Kama uliitazama ile filamu ya televisheni ya familia ya wanamuziki, bila shaka na wewe umeshasimuliwa mambo ya nyuma ya pazia. Yule mtangazaji wa kipindi cha burudani, mwenye kicheko kama kikohozi, aliyatoa moja baada ya jingine kama mtu anayeanika nguo. Alisema nyumba iliyoonekana haikuwa nyumba bali ghala la zamani la biskuti. Alisema Mama wa kwenye filamu alikuwa na wigi tatu: ya harusi, ya kazini na ya msibani. Alisema mwigizaji wa Baba hajui kupiga gitaa hata la waya mmoja, na vidole vilivyoonekana ni vya fundi bomba. Mpaka hapo hakukosea. Alipofika kwenye ule mlio, ule unaosikika katikati ya wimbo, ndipo alipotumbukia mtaroni huku ameshika usukani kwa mikono miwili. Alisema ulitengenezwa kwa kompyuta, tena ya nje.

Kompyuta! Binti wa familia hiyo aliyasikia hayo akiwa saluni kwake, ameshika kichwa cha mteja, akacheka mpaka mteja akaogopa.

"Kuna nini huko nyuma? Zimekatika?"

"Hazijakatika, shangazi. Tulia. Naicheka kompyuta."

Ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini walioliita walikuwa mwalimu na daktari tu. Nyumbani aliitwa Mfuniko, na jina hilo alilitolea jasho. Zamani, gari la redio lilipokuja kuwarekodi sebuleni kwao, Baba kwenye gitaa, Mama kwenye sauti na Kaka kwenye ngoma, yeye alikuwa mdogo, kichwa chake hakijavuka meza. Akapelekwa jikoni kulinda sufuria isichemke ikapiga kelele. Mfuniko ukaanza kutetemeka. Mtoto akaona heri autoe kabla haujaharibu wimbo. Ulikuwa wa moto. Ukamponyoka, ukapiga sakafu, ngwaaa, ukazunguka, ukazunguka, kama mlevi anayetafuta mlango, na wakati huo Mama alikuwa amefika patamu pa "Rudi Kabla Chai Haijapoa".

Wimbo ukaenda hewani na mfuniko wake ndani. Watu wakaupenda mno, hata wakawa wanakuja kwenye maonyesho na mifuniko ya kwao mikobani. Na humo nyumbani, tangu siku hiyo, mtu akikosea husemwa kwamba amedondosha mfuniko. Kaka, ambaye siku hizi ni mwalimu wa udereva, alipofeli mtihani wake wa kwanza wa kuendesha alirudi nyumbani akasema maneno mawili tu, "Nimedondosha mfuniko," akapewa chai.

Kwa hiyo televisheni walipokuja kuomba kuitengeneza hadithi ya familia, kila mtu alitaka kujua jambo moja: mlio ule ulitoka wapi? Na hapo ndipo balaa lilipoingia, likavua viatu, likakaa.

*

Mama alikuwa hajaimba tangu Baba azikwe. Si ibadani, si harusini, si bafuni. Ukimsikia anafua, unasikia maji tu. Bwana mwongozaji wa filamu, ambaye pale nyumbani walimwita Bwana Kata kwa ajili ya neno alilolipenda kuliko yote duniani, alikuwa amemsihi aimbe wimbo ule mwenyewe mwishoni mwa filamu. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nitaona."

Mfuniko alilibeba hilo "nitaona" kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. Alikuwa amepewa kazi ya wigi kule ghalani, na kila siku akirudi alimweleza mama yake habari za huko: chumba kilivyofanana, pazia lilivyofanana, hata doa la kutu kwenye dirisha walivyolipaka kwa rangi. Mwishowe Mama akafunga kitambaa chake kizuri, akapanda gari la mafunzo la Kaka, lile lenye breki mbili, wakaenda kuangalia.

Getini mlinzi akawasimamisha.

"Bibi, una kitambulisho?"

"Mimi ndiye Mama," akasema Mama.

"Mama ameshaingia. Ameingia sasa hivi, na mwavuli ameshikiwa."

Kaka akatoa kichwa dirishani. "Ndugu yangu, yule ni wa kuigiza. Huyu ndiye mwenyewe. Filamu yote hii ni yake."

"Kaka," akasema mlinzi kwa upole wa mtu aliyechoka, "hapa ndani wote husema hivyo."

Akawapa vitambulisho vya waigizaji wadogo vilivyobaki. Cha Mama kiliandikwa MPITA NJIA. Mfuniko alipokuja mbio kuwapokea, na vichanio bado vimechomekwa kichwani mwake, alikikuta kikining'inia kifuani mwa mama yake, akataka kurudi getini akapige kelele. Mama akamshika mkono.

"Acha. Kwani si kweli? Sote tunapita."

Ndani aliona kiti kimeandikwa MAMA mgongoni. Akakaa, miguu ilikuwa inamuuma. Hakumaliza kuvuta pumzi, msichana mmoja mwenye karatasi akainama.

"Samahani sana, bibi. Hicho ni cha Mama."

Mama akainuka. Mfuniko alitamani ardhi ipasuke immeze yule msichana, kiti na karatasi zake. Lakini alipomwingiza mama yake kwenye kile chumba cha kuigizia, hasira ikamtoka. Mama alisimama mlangoni akakitazama. Akagusa ukuta, ukayumba, maana ulikuwa wa mbao nyepesi. "Baba yenu angeshaleta misumari," akasema. Akaenda kwenye meza. Akanyoosha kitambaa cha meza mahali ambapo hata nyumbani kilikuwa kikikunjamana. Na Mfuniko, aliyekuwa nyuma yake, akasikia kitu. Kidogo, puani tu, kama nyuki ndani ya chupa. Mama alikuwa anavuta sauti.

Mfuniko hakuthubutu hata kumeza mate.

"Tayari!" Bwana Kata akaita huko mbele. "Tunarudia ile ya mfuniko. Nyuma ya kamera, wote kimya."

Wakasogea pembeni. Mwigizaji wa Mama akasimama katikati ya sebule, midomo ikicheza na wimbo wa kwenye mashine. Alipofika kwenye "rudi", mwigizaji wa Baba akatoka jikoni amekunja uso. Akafoka kwamba wimbo umepoozwa, umeharibiwa, kila siku ni yaleyale. Akanyanyua mfuniko. Akaurusha. Ukampita mkewe sikioni, ukagonga ukuta wa mbao, ukaanguka, ngwaaa. Mwigizaji wa Mama akajishika shavu, akatetemeka, akaendelea kuimba huku machozi yakimtiririka.

"Kata! Safi! Safi sana!"

Watu wakapiga makofi. Mmoja aliyeshika taa alikuwa anafuta macho.

Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yule mwanamume ni nani?"

"Ni... ni Baba," Mfuniko akasema.

"Baba wa nani?"

Makofi yakaisha. Bwana Kata akaja akitabasamu, mikono mbele. "Mama! Karibu! Umeiona? Hiyo ndiyo roho ya filamu yote. Watazamaji wanataka kuona moto ndani ya nyumba."

"Moto ulikuwepo," Mama akasema. "Ulikuwa jikoni, chini ya sufuria."

Akavua kile kitambulisho cha mpita njia, akakitundika vizuri kwenye kiti kilichoandikwa MAMA, akatoka.

*

Nyumbani, Mama alikusanya mifuniko yote ya sufuria akaifungia kabatini kwake. Akapika bila mfuniko. Mvuke ukajaa nyumba, chakula kikachelewa kuiva, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kaka alikula kidogo kidogo kama mgonjwa.

"Mama," akajaribu, "wale ni watu wa filamu. Wanaongeza chumvi."

"Chumvi?" Mama akaweka kijiko chini. "Mtu ambaye alikuwa akibisha hodi hata kuingia jikoni! Miaka yote ile hakuniinulia sauti. Sasa amekufa, hawezi kujitetea, mnampa mfuniko anirushie. Kesho mtu aliyekuwa akimwinulia kofia atasema, kumbe. Na mimi, nikipita sokoni, wanawake watanitazama shavu."

"Tutawaambia waitoe," Mfuniko akasema.

"Nani aliwapa?"

Kaka akaitazama sahani yake.

"Jambo hilo halina mtu wa nje. Tulikuwa sisi wanne na yule kijana wa redio, na yeye alishatangulia. Kwa hiyo limetoka humu." Aliwatazama mmoja mmoja, kama zamani alivyokuwa akitafuta nani amelamba sukari. "Waambieni nyimbo zangu wasiziguse. Watafute zao. Na ile ya kuniomba niimbe, isahauni."

Mlango wa chumba chake ukafungwa taratibu. Ungegongwa kwa hasira ingekuwa nafuu.

Mfuniko akamvuta kaka yake mpaka barazani.

"Uliwaambia nini?"

"Mimi? Niliwaambia ukweli!"

"Ukweli gani wenye mfuniko unaoruka?"

"Punguza mwendo. Tazama kioo kwanza. Mimi nimwambie mtu kwamba baba yangu alimrushia mama yangu mfuniko? Mimi? Nipigwe na radi nikiwa na mwanafunzi garini!"

"Mwanafunzi ana kosa gani?"

"Ili ujue nasema kweli!"

Akaapa mpaka akaishiwa vitu vya kuapia. Mfuniko akamwamini, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana kama si kaka yake, basi labda ni yeye; labda siku moja, huku akishona wigi na mdomo ukitembea, alisema neno ambalo hata hakumbuki. Alilala nalo, akaamka nalo.

*

Siku iliyofuata hakwenda ghalani. Alifungua saluni yake kama kawaida, na kabla hata hajawasha feni, mwandishi wa filamu akaingia, dada mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa na mkoba uliojaa makaratasi. Alikaa kwenye kiti cha mteja kwa kuwa hapakuwa na kingine, akajitazama kwenye kioo, akaonekana kutopenda alichokiona.

"Nimetumwa kuomba radhi," akasema.

"Kwa Mama ndiko uende. Hapa tunasuka."

"Naogopa."

Mfuniko akamtazama kupitia kiooni. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. "Basi angalau niambie. Kisa hicho ulikitoa wapi? Au ulikiota?"

"Sikukiota!" Mwandishi akageuka, kidogo ameumia. "Mimi sibuni mambo ya watu. Ninayo sauti. Kaka yako alinieleza mwenyewe, na alikuwa anacheka. Nilishangaa sana alivyokuwa anacheka. Nikasema moyoni, labda ndivyo watu wanavyoficha maumivu."

"Kaka yangu?"

Mwandishi akatoa simu, akatafuta, akaiweka kwenye meza katikati ya vitana. Sauti ya Kaka ikajaa saluni, ikiwa na honi nyuma yake.

"Mfuniko? Ah, ule mzee aliurusha! Mama anaimba, amefika kwenye 'rudi', mara ngwaa! Watu wote kimya. Alisihiwa asiurushe, weee, hakusikia la mtu. Aliurusha vilevile, nchi nzima ikasikia, na hata kuomba radhi hakuomba! Huyo ndiye mzee wetu bwana... Kanyaga klachi! Klachi, dada yangu!"

Mfuniko alikuwa ameshika kitana hewani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mwandishi akainuka haraka akidhani analia.

"Redioni!" Mfuniko akasema, akashika tumbo. "Aliurusha redioni! Hewani! Kama mnavyorusha vipindi vyenu! Aliyedondosha ni mimi!"

Mwandishi akavua miwani. Akaisikiliza tena ile sauti kichwani mwake, neno kwa neno. Ungeweza kumwona anaisikiliza. Uso ukambadilika rangi.

"Aliurusha," akanong'ona.

"Vilevile."

"Nchi nzima ikasikia. Nilidhani ni utani tu, kwamba ulipiga kelele sana." Akajishika paji la uso. "Nimemtia mtu mfuniko mkononi kwa kitenzi kimoja."

"Si peke yako. Yule anasema na mtu huku anafundisha klachi." Mfuniko alikuwa bado anacheka, lakini machozi yalikuwa yameshachukua nafasi, na yote mawili yakaenda pamoja. "Haya, inuka. Twende kwa Mama. Ukiogopa, jifiche nyuma yangu, mimi ni mnene."

*

Bwana Kata naye alikuja jioni ile, amenyoosha shati. Sebule ya kweli ilimshtua: ilikuwa ndogo kuliko aliyoijenga yeye. Mama akamkaribisha, akamwekea chai, maana adui akishaingia ndani ni mgeni. Kaka alikaa pembeni kichwa chini. Alikuwa ameshasikilizishwa sauti yake mwenyewe mbele ya wote, na Mama alikuwa amemwambia neno moja tu: "Umedondosha." Kwa mara ya kwanza hakupewa chai.

"Mama, kosa tumeliona," Bwana Kata akasema. "Lakini niseme ukweli wangu. Ghala lile tunalikabidhi. Nina kesho mchana tu, halafu kuta zinabomolewa. Na nikiitoa ile, naweka nini? Mtoto kaangusha mfuniko. Haya, kaangusha, halafu? Mtu nyumbani atainuka akanywe maji."

"Halafu hujaniuliza," Mama akasema.

"Nakuuliza sasa."

Mama akavuta upindo wa kitambaa. "Nilimaliza wimbo, kwa sababu marehemu hakuacha kupiga. Yule kijana wa redio akazima mashine yake, akasema jamani, turudie, mtoto ameharibu. Tukamtafuta mtoto. Alikuwa chini ya meza hii." Akaigonga kwa kidole. "Amejikunja, analamba vidole vilivyoungua, hataki kutoka. Nikamwita, hakutoka. Kaka yake akamwahidi sukari, hakutoka. Basi baba yake akajilaza chini. Mtu mzima, na shati la kurekodia, tumbo sakafuni, shavu sakafuni. Akamwambia, 'Hujaharibu. Umeingia.'"

"Umeingia?"

"Neno la wapigaji. Mtu akianza kupiga mahali pake, anaingia. 'Umeingia mapema kidogo,' akamwambia, 'lakini umeingia.' Halafu akainuka na vumbi lake usoni, akamwambia yule kijana, tukirudia, huyu mtoto ataishi akijua aliharibu. Ukiurusha hivyo hivyo, ataishi akijua alipiga na sisi. Urushe."

Mfuniko alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Kisa cha kuanguka alikisikia maelfu ya mara, kila sherehe, kila mgeni. Hiki cha chini ya meza hakuna aliyewahi kumsimulia; alichobaki nacho yeye ni uso wa baba yake ukiwa umelala ubavu, jicho moja juu ya jingine, jambo ambalo sikuzote alidhani ni ndoto.

Bwana Kata alikuwa ameshika kikombe kinywani bila kunywa.

"Chai yako inapoa," Mama akamwambia.

Akakiweka chini. "Kesho mchana," akasema. "Nitaleta mtoto na nitaleta meza. Na wewe, Mama?"

"Nitaimba mwenyewe, papo hapo. Yule dada achezeshe mdomo kwa kunifuata, mimi sitaki kuonekana, nataka kusikika. Lakini sauti hii ina kutu. Nikikosea, usiseme lile neno lako."

"Neno lipi?"

Watu wote sebuleni, hata mwandishi, hata Kaka mwenye adhabu, wakajibu pamoja.

*

Getini mlinzi alisimama wima. "Karibu, Mama," akasema, kisha kwa uangalifu, "Mama wa kwanza."

Ndani, kiti kilikuwa pale pale. Mwigizaji wa Mama, akiwa tayari kwenye wigi ya kazini, akakisogeza mwenyewe. "Hiki ni chako. Samahani, nimekikalia mwezi mzima."

"Kimeshapata joto basi," Mama akasema, akakaa.

Lakini mambo hayakwenda. Mtoto waliyemleta alikuwa na akili kupita kiasi. Kila walipojaribu bila wimbo, alifumba macho kabla ya kuuachia mfuniko, maana alijua utapiga kelele. Waliubadilisha mfuniko. Walimbadilisha upande. Alifumba. Bwana Kata alitazama dirisha, jua likiteremka, na wabomoaji wakiwa wameshaketi nje na nyundo zao wakisubiri.

"Basi," akasema kwa sauti ya mtu anayefunga duka. "Tuimbe. Kitakachotoka kitoke. Mama, tayari?"

Mama akasimama kwenye kipaza sauti, nyuma ya kamera. Fundi bomba akashika gitaa pembeni. Mfuniko alikuwa hatua chache kutoka hapo, kopo la pini za nywele mkononi.

Gitaa likaanza. Mama akaingia.

Sauti haikuwa ile ya redioni. Ilikuwa imeshuka, imechubuka ukingoni kama kikombe cha zamani, na kwenye mistari ya kwanza ilitetemeka mpaka mtu wa sauti akainua macho. Kisha ikapata njia. Mwigizaji aliyekuwa akiifuata kwa midomo aliacha kuigiza. Alikuwa anaisikiliza tu, na midomo ikaenda yenyewe. Kaka, aliyeambiwa akae kimya, alikuwa anapiga ngoma kwa vidole juu ya paja lake, macho yamefumbwa.

"Ruuudi," Mama akaimba, akanyamaza.

Akanyamaza kupita kipimo. Mfuniko alidhani pumzi imekwisha. Akamtazama mama yake, akaona haikuwa pumzi. Mama alikuwa amegeuza kichwa kidogo kushoto, pale ambapo gitaa la Baba lilikuwa likimjibu. Alikuwa anampa nafasi yake.

Hapo vidole vya Mfuniko vikasahau kazi. Kopo likamponyoka, likagonga saruji, pini zikatawanyika kama mvua ya mawe juu ya bati. Yule mtoto mbele, aliyekuwa anasubiri ishara na macho yake tayari yameanza kufumba, akaruka kwa hofu, na mfuniko ukamtoka kweli. Ngwaaa! Ukazunguka. Mtoto akatazama huku na huku, mdomo wazi, uso mzima umeandikwa "nimeharibu", akatumbukia chini ya meza.

Bwana Kata akafungua kinywa.

Mama hakumtazama. Aliinua kiganja kimoja, kama mtu anayezuia gari, akaendelea: "...rudi kabla chai haijapoa." Mwongozaji akafunga kinywa chake kwa mkono wake mwenyewe.

Na mwigizaji wa Baba, ambaye juzi yake alikuwa akirusha vyombo, akaweka gitaa chini, akajilaza sakafuni kwa tumbo mbele ya ile meza. Akaweka shavu kwenye vumbi. Kutoka pale alipokuwa, Mfuniko aliuona uso wake umelala ubavu, jicho moja juu ya jingine.

"Hujaharibu," akamwambia mtoto. "Umeingia."

*

Filamu ilirudiwa kwenye televisheni Jumapili mchana, nyumbani kwao pakajaa. Majirani walikaa mpaka kwenye mikono ya viti. Jirani mmoja alilalamika kwamba wigi ya msibani haikukaa sawa, akaambiwa na Mfuniko aondoke kwenye nyumba ya watu. Ulipofika mlio, wote wakapiga kelele. Na aliyekuwa na sikio zuri alisikia kwamba milio ni miwili, mmoja mdogo wa mvua, mmoja mkubwa wa kuzunguka. Mwishoni majina yakapanda kwenye skrini, mengi kama siafu, na Kaka akasimama mbele ya televisheni akionyesha kwa kidole.

"Someni hapo! Someni!"

Iliandikwa: *Pini: Mfuniko.*

"Sasa nani ataelewa hiyo?" jirani akauliza.

"Nani kasema muelewe?" Mfuniko akajibu, lakini alilazimika kwenda dirishani kidogo.

Kisha mtangazaji wa burudani akatokea na mambo yake ya nyuma ya pazia, akafika kwenye kompyuta ya nje, na kwa mara nyingine nyumba nzima ikaangua kicheko. Kaka akataka kupiga simu stesheni awasahihishe.

"Wewe usiseme na mtu yeyote kwa simu," Mfuniko akamwambia. "Ulichosema kinatosha karne."

Wageni wakapungua. Mama alikuwa ameenda jikoni kuosha vyombo. Mifuniko ilikuwa imesharudi rafuni, kila mmoja juu ya sufuria yake. Maji yakafunguliwa. Ndugu wawili sebuleni wakaacha kubishana kwa pamoja, kama waliobanwa kidole kimoja, maana chini ya maji kulikuwa na kitu kingine. Mwanzoni puani. Kisha na maneno.

Hawakutazamana. Kaka akainua vidole juu ya paja.

Huko jikoni "rudi" ikapanda, na mara kukasikika kishindo, chuma na sakafu, ngwaaa, kikazunguka, kikazunguka, kikalala. Sauti ikakatika. Hata maji yakafungwa.

"Umeingia, Mama!" wakapiga kelele wote wawili.

Halafu bomba likafunguliwa, na Mama akaendelea pale alipoachia.